Simu Moja ya Saa Nne

Nilikwenda Koboko kutia sahihi karatasi. Ningependa kuwaambia ndugu zangu wa Tanga kwamba nilikwenda kuona nchi, au kusaidia watu, lakini safari hii nimeamua kuisimulia bila kuipaka rangi. Karatasi ilikuwa moja, nimeiandaa kwa mkono wangu, na ilisema kwamba Koboko haihitaji simu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa Kampala, nimeajiriwa na kampuni ndogo ya washauri wa mitambo, na tulikuwa tukichora ramani ya waya wa kioo. Huu ni waya ambao ndani yake hamna shaba, bali nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na sauti na maandishi husafiri humo kwa mwanga. Wakati huo haujachimbiwa hata mtaro mmoja; ulikuwa wa karatasi tu. Kazi yangu ilikuwa kuutafutia njia ya gharama nafuu. Watu hudhani kilicho ghali ni waya. Sivyo. Ghali ni mitambo ya kila ncha, ile inayopandisha sauti kwenye mwanga na kuishusha tena. Kwa hiyo mchoraji hodari huvikusanya kwanza vijito vidogo, avipandishe vikiwa mto mmoja, na tawi lisilo na maji hulikata. Jambo hili nililisomea ng'ambo miezi sita, na niliporudi nikawafundisha wenzangu ofisini. Nilipenda kuwaambia, “Haba na haba hujaza kibaba.” Walicheka, nami nikajiona mwalimu kwelikweli.

Koboko lilikuwa tawi lisilo na maji. Posta yake ilikuwa na simu ya redio, mtambo mkuukuu uliorusha sauti hadi mlingoti wa Arua. Hesabu zilizoletwa mezani kwangu zilionyesha simu moja kwa siku, saa nne asubuhi, dakika kumi hivi, kwenda Arua. Basi. Kuutunza mtambo mzima kwa ajili ya simu moja? Nikaandika: ukatwe. Ili nionekane mtu wa haki, nikapendekeza uzimwe kwanza miezi mitatu kwa majaribio, na wananchi wakilalamika urudishwe. Katika kikao kile hapakuwa na mtu wa Koboko hata mmoja, na asiyekuwepo na lake halipo. Miezi mitatu ikapita, daftari la malalamiko likabaki jeupe pe. Nikapongezwa. Ila mkuu wetu alikuwa na sharti lake la siku zote: aliyechora mstari aupitie mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Nikanung'unika, nikafunga mkoba.

Jumatatu alfajiri tuliondoka Kampala kwa Landrova ya ofisi. Dereva wangu aliitwa Candia, Mlugbara wa Arua, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Kwenye daraja la Karuma tulisubiri nusu siku hadi msafara wenye askari wa kutulinda na waasi ukamilike, tukavuka mto wakati maji yanaunguruma chini yetu, tukalala Pakwach tukiwa tumejaa vumbi hadi ndani ya masikio. Njia nzima nilikuwa na karatasi yangu kwenye bahasha ya kaki, nimeikalia isikunjike.

Jumanne jioni tukaingia Arua. Ni mji wa mwinuko, hewa yake nyepesi, na harufu ya tumbaku iliyokaushwa imekaa kila mahali, hata kwenye shuka za nyumba ya wageni. Sokoni niliwasikia watu wakihama kutoka Kilugbara kwenda Kinubi kwenda Kiswahili katika bei ya fungu moja la muhogo. Niliteremka garini kwa mbwembwe, kama inavyompasa mhandisi, na suruali yangu ikanasa kwenye chuma cha mlango na kuchanika nyuma, kuanzia mkanda hadi usiseme. Candia aligeuka upande akakohoa.

Jumatano asubuhi, kwa sababu ya suruali hiyo, nilijikuta kwenye baraza la fundi cherehani mkabala wa posta. Jina lake Fundi Ramadhani, Mnubi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa kipande cha kanga nijifunge, akaanza kushona. Nilimwamkia shikamoo. Akacheka hadi cherehani ikasimama.

“Shikamoo! Hiyo salamu yenu mimi nakumbuka. Mwaka ile ya vita askari ya Tanzania nakuja hapa, nasalimia mimi ivi-ivi, shikamoo mzee, na bunduki iko kwa bega.” Akatikisa kichwa. “Watoto ya adabu sana. Nasalimia, halafu nafukuza wewe kwa nyumba.”

Nilikaza kanga kiunoni. Ili nibadili mazungumzo nikauliza kama daftari lililokuwa pembeni ya cherehani ni la vipimo vya wateja. Lilikuwa limepigwa mistari kwa uangalifu, na juu ya kila fungu limeandikwa jina: Pajulu, Ajia, Ombaci, Hospitali, Soko.

“Hapana vipimo,” akasema. “Ile ni ya Koboko. Miezi tatu sasa mimi hapana andika kitu. Ilikuwa simu ya saa nne.”

Nikamwomba anieleze, naye akaeleza huku akisukuma kitambaa. Kule Koboko kuna mwanamke, Mama Hawa. Kila asubuhi watu humletea maneno yao, naye huyaandika. Ikifika saa nne huenda posta na kupiga simu moja tu. Karani wa posta ya Arua humwita Fundi Ramadhani kutoka ng'ambo ya barabara, Mama Hawa husoma, Fundi huandika. Kisha wanawake wa Ajia wanaoleta ufuta sokoni huchukua ya Ajia, wenye baiskeli huchukua ya Pajulu, mpishi wa misheni huchukua ya Ombaci. Majibu hurudi kesho yake kwa simu ileile.

“Ni maneno ya watu wangapi kwa siku?” nikauliza.

“Makumi tatu. Makumi nne. Siku ya soko napita hapo.”

Wataalamu wenzangu wa Kampala wangelijua jambo hilo mara moja. Ndilo lile lile nililosomea ng'ambo: vijito vidogo vikusanywe, vipandishwe pamoja mara moja, vishushwe ncha ya pili, vigawanywe. Watu hawa walikuwa wakilifanya miaka mingi kwa daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu simu ilikuwa shida na hakuna aliyeweza kupiga ya peke yake. Walivyofanya kazi yangu vizuri kunishinda, ndivyo hesabu yangu ilivyowaona wachache. Kama wangekuwa wabadhirifu, kila mmoja na simu yake, nisingewagusa.

“Wewe iko kazi gani?” Fundi akauliza, akinipa suruali.

“Natembea tu,” nikasema. Mungu anisamehe.

Alhamisi tulishika njia ya Koboko. Tulipofika Ombaci, karibu na misheni, Candia alipunguza mwendo, akavua kofia, akaiweka mapajani. Hata wageni tulijua kidogo jinsi watu waliokimbilia pale baada ya vita walivyouawa na askari, nami sikuuliza. Baadaye kidogo ndipo akaniambia, “Baba ya mimi iko hapo.” Akavaa kofia, tukaendelea. Barabara ilikuwa nyekundu na mashimo yake yana mashimo ndani. Tulipita Maracha, vibanda vya kukaushia tumbaku, mawe makubwa yaliyokaa mashambani, wanawake wakitwanga. Kilomita hamsini na kitu zilitumaliza saa tatu nzima. Nikafikiri: mtu akipata habari mbaya Koboko, ndiyo njia aliyo nayo hii.

Saa sita mchana tukafika Koboko. Mji wenyewe ni njia panda yenye maduka, Sudan upande mmoja na Zaire upande wa pili, na wafanyabiashara wa pande zote wanazungumza juu ya sabuni na chumvi. Nyumba nyingi zilikuwa na bati jipya juu ya ukuta wa zamani ulioungua. Watu walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni si miaka mingi iliyopita. Nilikuta posta imefungwa kwa kufuli lililoanza kutu. Nilipomuuliza mwanamke wa dukani mahali pa kupigia simu, akanyoosha kidole bila kunitazama: “Simu iko kufa. Uliza Mama Hawa.”

Mama Hawa alikuwa barazani anasuka kawa la kufunikia chakula, ukindu mwekundu na mweusi. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ya chini. Nilipotoa salamu alinitazama kwa muda.

“Wewe mutu ya Tanzania.”

“Ndiyo, mama.”

Aliweka kawa lake chini. Kisha akaniwekea mkeka, akaleta kahawa yenye tangawizi na chapati zao nyembamba zinazoitwa gurusa, akasema mgeni ni mgeni. Nikamwambia natokea ofisi ya simu Kampala. Hiyo nayo ilikuwa nusu ya ukweli.

Alinionyesha madaftari yake, manane, yamefungwa kwa kamba. Nikamuuliza anawezaje kusoma maneno ya watu arobaini kwa dakika kumi.

“Iko sheria,” akasema. “Mutu nasimama hapa, nasema maneno yake na pumzi moja. Pumzi nakatika, maneno nakatika. Wewe unataka kusalimia shangazi, mjomba, mbuzi, shauri yako, lakini na pumzi moja.” Akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Wazee nalia mwanzo. Sasa najua. Mutu akijua pumzi ni moja, anaacha uongo.”

Nilicheka. Nilimpenda sana mama yule, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa mabaya. Nikamuuliza, kama mtu anayechokonoa jino linalouma, miezi hii mitatu wamefanyaje.

Akarudi kwenye kawa lake. Alisuka mzunguko mzima kabla ya kujibu.

“Mama yangu alikuwa Arua kwa dada yangu. Alikufa asubui, saa mbili. Sisi Waislamu, unajua, hapana lalisha maiti. Kama simu iko, saa nne mimi nasikia, saa tisa mimi iko Arua, mama yangu nazikwa saa kumi na mimi niko. Dada alijua simu iko kufa. Akatuma mutu na lori ya tumbaku. Lori ikaharibika Maracha.” Akavuta ukindu hadi ukalia. “Nilifika siku ya tatu. Udongo imekauka.”

Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Tanga. Hakuna aliyehitaji kunifafanulia. Siku aliyokufa bibi yangu watu walitoka Pangani na Muheza kwa baiskeli wakamuwahi, na mpaka leo tunawataja kwa majina. Niliirudisha chapati sahanini.

“Nani alikata?” akauliza.

“Ofisi,” nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemwambia jambo alilokwisha kulijua. “Serkali. Sisi nafikiria ni azabu tu. Tangu mwaka ile, kitu ikikatwa Koboko ni azabu. Barabara, dawa, chumvi. Baba yangu alikuwa askari ya serkali ile nyinyi naangusha, kaka zangu askari. Tunajua.”

“Kwa nini hamkulalamika?”

“Nalalamika na nini? Simu iko kufa.” Kisha, polepole: “Na mutu ya Koboko akienda ofisi kulalamika, kwanza anaulizwa, baba yako alikuwa jeshi gani.”

Hivyo ndivyo daftari langu la malalamiko lilivyobaki jeupe. Niliaga nikisema nina kichwa kinauma. Jioni Candia aliniletea kuku na mkate wa muhogo na mtama, sikugusa. Alikula vyote viwili, hakuniuliza.

Ijumaa asubuhi nilirudi kwa Mama Hawa kabla jua halijapanda. Alikuwa anafagia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi usiku kucha, ya hesabu na mitambo na mkuu wetu, na nilipofika mbele yake nikakumbuka sheria yake. Nikavuta pumzi.

“Mama, si ofisi, ni mimi, nilihesabu simu nikaona moja nikasema haina kazi, sikuja kuuliza, nikaizima, hakuna aliyewaadhibu, ni hesabu yangu mbaya, na mama yako kazikwa bila wewe kwa sababu yangu.”

Pumzi ikaisha. Ufagio ulikuwa umesimama. Sikutazama uso wake. Nilitazama miguu yake, na hina iliyofifia kwenye kucha.

“Hapana azabu?” akauliza.

“Hapana, mama.”

“Hapana mutu alikasirika na sisi?”

“Hapana. Hatukuwa na habari nanyi.”

Akakaa kwenye ngazi. Nilitegemea matusi, niliyatamani. Aliposema, alisema kwa sauti ileile ya chini.

“Afadhali azabu. Azabu, mutu iko anafikiria wewe. Usiku analala, anasema, wale watu ya Koboko, nitawafanya nini. Nyinyi hata hamukutufikiria.”

Nimekaripiwa na walimu, na wakubwa wa kazi, na baba yangu mwenye mkono mwepesi. Sijawahi kuaibika kama pale. Nilitaka kumbusu mkono kama tunavyowafanyia mama zetu, nikaona sina haki hiyo. Nikamwambia simu itarudi. Akasema, “Sawa,” akaendelea kufagia, kwa upande wa pili wa ua, akinipa mgongo.

Adhuhuri tulikuwa njiani kurudi Arua. Kabla ya kuondoka nilimtafuta karani wa posta, tukafungua lile kufuli, tukauwasha mtambo wa Koboko; ulikuwa umezimwa tu, haukuwa na kasoro. Wa Arua ndio uliokwisha kung'olewa na kufungwa kwenye masanduku, tayari kupelekwa mji mwingine kwa agizo langu. Nilifika, nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, nikafungua masanduku mwenyewe pamoja na fundi mitambo wa pale. Tulifanya kazi hadi Jumapili jioni. Nilipompigia mkuu wangu Kampala, aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi.

“Kwani simu za Koboko zimeongezeka?”

“Hapana, mzee. Itakuwa moja.”

“Sasa?”

“Nilihesabu simu. Sikuhesabu watu waliomo ndani yake.”

Nikasikia simu ikikwaruza. “Iandike hivyohivyo,” akasema, “utie sahihi hiyo.” Ile ya kwenye bahasha ya kaki niliichana, ingawa kuchana karatasi si kazi ngumu na sitaki mtu anisifu kwa hilo.

Jumatatu, saa nne kamili, kengele ya simu ililia posta ya Arua. Karani akatoka mbio mlangoni akapiga kelele, na Fundi Ramadhani akavuka barabara na daftari lake kwapani, utepe wa kupimia ungali shingoni. Kufikia siku hiyo alikwisha kujua mimi ni fundi wa simu, ila hakujua zaidi. Akanisogezea kiti.

Akashika mkono wa simu, akaanza kuandika, akirudia kila neno kwa sauti ili asikosee. Pajulu: mtoto amepona, msilete dawa. Ajia: mbegu imefika, asante, panda bila kungoja mimi. Hospitali: Yakobo akiweza kutembea arudi, shamba iko peke yake. Ombaci: padri aseme misa ya arobaini, tutakuja. Yaliendelea hivyo, pumzi moja moja, ya Waislamu na ya Wakristo, miezi mitatu ya watu waliokuwa wakisubiri zamu. Niliinamisha kichwa nikajifanya natazama viatu vyangu.

Mwishoni Fundi akasimamisha kalamu, akasikiliza, akanitazama juu ya miwani.

“Iko moja ya wewe. ‘Kwa Injinia. Watu mimi naambia ni radi ilipiga mashini. Wewe iko fundi, wewe najua ni radi. Mutu alikosa kuzika mama yake, wacha alie juu ya radi.’”

Nikaelewa. Walizoea kuadhibiwa, hilo walilibeba. Hili la kutofikiriwa kabisa, Mama Hawa alikuwa ameamua kulibeba peke yake, wengine wasilijue, na alikuwa ananiomba nimsaidie kulificha. Hata kuungama mbele yao, ambako kungenipunguzia mzigo, alikuwa amenikataza. Na alikuwa na haki.

Fundi Ramadhani akaweka mkono wa simu chini. “Radi?” akauliza. “Miezi tatu, na kiangazi hii yote?”

Nilimtazama usoni mzee yule aliyenisitiri kwa kanga yake.

“Ndiyo, mzee wangu,” nikasema. “Ilikuwa radi.”

Akatikisa kichwa, akanipa pole kwa kazi ngumu, akavuka barabara kwenda kugawa maneno ya watu. Mimi nilibaki na langu, na kwa kuwa kule siruhusiwi kulisema, nimekuja kulisema huku nyumbani.